Picha ya Mongolia isiyo na farasi wala hema: urithi wa wafugaji uko wapi?

*Swali: Ninafanya kazi ya uuguzi Leipzig, Ujerumani. Mwezi uliopita niliingia kwenye maonyesho madogo ya wachoraji wa Mongolia. Picha moja ilinishika nikashindwa kuondoka. Ni kubwa kama mlango, yote kahawia yenye mikwaruzo, duara hafifu juu kidogo ya katikati, na kipande cha felti, kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa, kimeshonwa chini. Maelezo ukutani yalisema mchoraji "anaongozwa na urithi wa wafugaji wahamaji". Sikuona farasi, sikuona hema, sikuona mtu. Rafiki yangu Mjerumani akasema hiyo ni sanaa ya Ulaya iliyopewa jina la Asia ili iuzike. Mchoraji mwenyewe alikuwepo, na ana picha ndogo ya aina hiyo, kinyesi cha farasi na majivu juu ya turubai na felti pembeni, anaiuza euro 1,400. Natamani kuinunua, na siku moja niitundike nyumbani kwetu Tanga. Huo urithi uko wapi ndani ya picha? Je, rafiki yangu amesema kweli? Na kitu cha namna hiyo kitadumu?*

Ndugu yangu, naielewa hofu yako hivi: picha ilikugusa kabla hujasoma neno lolote, kisha maneno ya ukutani na ya rafiki yako yakakutia shaka kwamba huenda umevutwa na ujanja wa biashara. Nianze na hilo, ndipo tufike Tanga.

Rafiki yako amekosea kwenye jambo kubwa. Anadhani kuliacha umbo la kitu na kubaki na mstari, duara na rangi ni uvumbuzi wa Ulaya ya karne ya 20. Huko Mongolia yamesimama nyikani mawe marefu yaliyochongwa yapata miaka 3,000 iliyopita, yajulikanayo kama mawe ya kulungu, na UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Kulungu wa mawe hayo hawafanani na kulungu wa porini. Midomo imerefushwa kama ya ndege, pembe zimekuwa mawimbi yanayotiririka mgongoni. Jiwe lenyewe linasimama mahali pa mtu, na mara nyingi halina uso: juu kuna duara za hereni, chini kuna mkanda wenye silaha, basi. Katika makaburi ya Noyon Uul, yaliyofukuliwa miaka ya 1920, yalipatikana mazulia ya felti ya watu wa Xiongnu, wafugaji wa kale wa nyika hiyo, yenye umri wa takriban miaka 2,000, na uwanja wake umejazwa mizunguko iliyoshonwa kwa uzi. Chapa ya moto anayopigwa farasi ili ajulikane ni wa nani nayo ni alama chache zilizopangwa pamoja: mwezi, jua, mstari, pembe.

Sisemi mchoraji wako ni mjukuu wa moja kwa moja wa waliochonga mawe yale. Watu wengi wamepita kwenye nyika hiyo, na kudai ukoo usiokatika kwa miaka 3,000 ni kutia chumvi. Ninachosema ni kwamba kuzungumza kwa alama, bila kuigiza umbo, hakukuhitaji kuagizwa kutoka Paris. Bibi wa Tanga akisuka mkeka wa rangi, nani amemuuliza mkindu uko wapi ndani ya nakshi?

Sasa sehemu ambayo rafiki yako amepatia. Turubai iliyotandazwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani, rangi ya mafuta, na wazo la kujiita mchoraji wa dhahania, yaani asiyechora kitu kinachotambulika, hivyo vilifika Mongolia kutoka nje, tena kwa kuchelewa na kwa njia ngumu. Historia hii nitaieleza kwa kirefu kidogo, maana bila hiyo maneno ya ukutani hayawezi kueleweka.

Mwanzoni mwa karne ya 20 uchoraji wa Mongolia ulikuwa wa aina mbili hasa: picha takatifu za Ubudha zilizochorwa kwa kanuni kali, na mtindo mpya uliokuja kuitwa Mongol zurag, wenye rangi bapa za unga wa madini juu ya kitambaa cha pamba, ukisimulia maisha ya kila siku. Kazi mashuhuri kuliko zote ni ya Balduugiin Sharav, iitwayo Siku Moja Mongolia, iliyopo kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Zanabazar mjini Ulaanbaatar. Kisha yakaja mapinduzi ya 1921 na Jamhuri ya Watu ya 1924. Kati ya 1937 na 1939 monasteri karibu zote zilibomolewa au kufungwa na makumi ya maelfu ya watu waliuawa, wengi wao watawa, na pamoja nao wakapotea mafundi waliokuwa wakiwarithisha vijana kazi ya mikono. Vijana wenye vipaji walipelekwa kusoma Urusi ya Kisovieti na nchi za Ulaya ya Mashariki, wakarudi na uhalisia wa kijamaa: mfugaji shujaa, trekta, uso wenye matumaini. Urithi haukukatazwa wote. Mwaka 1958 Ürjingiin Yadamsüren alimchora mzee mpiga morin khuur, zeze lenye kichwa cha farasi, kwa mtindo ule wa zurag, na picha hiyo inapendwa mpaka leo. Lakini ruhusa ilikuwa na mipaka. Kumsifu Chinggis Khaan (Genghis Khan) hadharani kulikuwa hatari, imani za anga na milima zilihesabiwa ushirikina, na picha isiyoeleza kitu ilihesabiwa upotovu wa mabepari.

Ndiyo maana mwaka 1990 una uzito kwa wachoraji hawa. Vijana walianza kuandamana Ulaanbaatar mwezi Desemba 1989, na Julai iliyofuata ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mchoraji aliyekuwa na miaka 30 wakati huo alipata kwa mpigo vitu viwili alivyokuwa amenyimwa: uhuru wa kutochora kitu, na uhuru wa kurudi kwa babu zake. Kwake havikuwa vitu vinavyopingana, kimoja cha Ulaya na kingine cha nyumbani, kwa kuwa vilikuwa vimefungiwa pamoja na vikaachiwa pamoja. Rafiki yako anaposema ni sanaa ya Ulaya yenye jina la Asia, analiruka hili lote. Waliowafuata, waliozaliwa miaka ya 1970 na 1980, walikua wakiona mambo hayo mawili yakitembea pamoja.

Turudi kwenye picha yako. Siioni, kwa hiyo nitakueleza mahali ninapotazama mimi mbele ya kazi ya aina hii, halafu utarudi kuangalia mwenyewe.

Kwanza tazama nafasi kabla ya kutafuta vitu. Picha nyingi za mandhari za Ulaya zimekupangia pa kusimama: barabara inakimbilia nukta moja kwa mbali, miti inafunga pembeni, jicho linaongozwa. Katika Siku Moja Mongolia hakuna pa kusimama. Unaona kutoka juu, mambo yametapakaa kila upande, huku wanatengeneza felti, kule watu wanasafiri, na hakuna tukio lililo mfalme wa mengine. Unazunguka, na kuiona picha yote kwa mtazamo mmoja haiwezekani. Mchoraji wa leo anaweza kuondoa watu na wanyama wote na bado akabaki na mpangilio huo: uwanja usio na kitovu kimoja, kingo zisizofunga, alama zilizotawanyika ambazo jicho linahama kutoka moja hadi nyingine. Ulisema ulishindwa kuondoka. Jiulize jicho lako lilikuwa likifanya nini muda huo wote. Kama lilikuwa likitembea bila kupata pa kutua, hapo urithi umeshakufikia.

Kisha lile duara. Huenda ni toono, taji la mviringo lililo juu kabisa ya ger, nyumba ya felti ya wafugaji, ambako moshi hutokea na mwanga huingilia. Mlango wa ger hutazama kusini. Asubuhi jua likiwa mashariki, mwanga wa toono unaangukia upande wa magharibi, adhuhuri unafika kaskazini, mahali pa heshima, na jioni uko mashariki. Watu walisoma saa kwa kuangalia mwanga umefika kwenye fito ipi. Watu nao wakiingia hupita kwa mwelekeo huohuo. Kwa hiyo kwa mtu aliyelala humo utotoni, duara lililo juu kidogo ya katikati ni saa, ni dira, na ni kipande cha anga anachokiona akifumbua macho. Nimesema huenda. Linaweza pia kuwa jua, jicho, au duara tu, na mchoraji ana haki ya kukataa kuchagua.

Hapo nikuonye juu ya kosa linalofanywa na wapenzi wengi wa sanaa hii, kuisoma kama kamusi: buluu ni anga la milele, nyeupe ni maziwa, duara ni toono, kazi imekwisha. Ni kweli kitambaa cha hariri cha buluu, khadag, hufungwa kwenye marundo ya mawe matakatifu na hutolewa kwa heshima kwa mgeni au mzee. Ni kweli maziwa na weupe vina baraka. Lakini mchoraji mzuri hutumia buluu pia kwa sababu picha ilikuwa nzito chini na ilihitaji kupumua juu. Maelezo ya ukutani yakikupa tafsiri ya kila rangi, yasome kwa adabu, halafu uyaache.

Kitu ninachokithamini zaidi katika maelezo yako ni kinyesi, majivu na felti. Wapo wanaodhani kinyesi juu ya turubai ni njia ya kushtua watu, kama ilivyowahi kufanywa mahali pengine. Kwenye nyika isiyo na miti, kinyesi kikavu cha mifugo ndicho kuni. Ndicho kinachopika chai na kuzuia watoto wasife kwa baridi usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri. Majivu ni kilichobaki cha moto huo. Felti ni ukuta, ni godoro, ni soksi za ndani ya buti. Hutengenezwa kwa kuchapa sufu ya kondoo kwa fimbo mpaka ichambuke, kuitandaza kwa matabaka juu ya felti ya zamani inayoitwa mama, kuilowesha, kuikunja kama gogo, kisha kuiburuza nyuma ya farasi mpaka nyuzi zishikane. Mtu aliyeiona kazi hiyo akaja kuweka tabaka juu ya tabaka kwenye turubai, akakwaruza, akalowesha, anarudia mwendo wa mikono anayoifahamu. Urithi upo kwenye kitendo hicho, hata kama hakuna farasi hata mmoja aliyechorwa.

Tena hayo hayafanywi pembeni. Mongolia ilipofungua banda lake la kwanza la taifa kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2015, walioiwakilisha walikuwa wawili. Enkhbold Togmidshiirev anatumia hasa hivyo, kinyesi cha farasi, majivu, kutu na felti, na husafiri na ger aliyoijenga mwenyewe kwa ajili ya sanaa yake. Unen Enkh anaishi Ujerumani na huunda kazi kwa felti na singa za farasi. Ukitafuta picha za kazi zao utapata kipimo cha kulinganisha na uliyoiona, na utakuwa na la kumwonyesha rafiki yako.

Hata hivyo shaka yake isitupwe. Karibu nusu ya Wamongolia, ambao jumla yao ni kama milioni 3.5, wanaishi Ulaanbaatar, na wachoraji wengi wamekulia kwenye maghorofa. Wengine familia zao zilihamia pembezoni mwa jiji baada ya dzud, majira ya baridi kali yanayoua mifugo. Dzud ya 2009 hadi 2010 peke yake iliua zaidi ya mifugo milioni 8. Kwa hiyo wahamaji wa kwenye picha mara nyingi ni kumbukumbu, au msiba, au hadithi za bibi, na si maisha ya mchoraji ya jana. Hilo halina aibu. Aibu ni pale soko linapomtaka avae mavazi ya mhamaji ili wageni wanunue, naye akakubali kurudia duara lilelile kwa miaka kumi. Picha za namna hiyo zipo nyingi, na kwa macho ya haraka zinafanana na zile za kweli.

Njia ya kuzitenganisha ni kuzungumza na mchoraji, na bahati yako ni kwamba yuko karibu. Usimuulize picha ina maana gani, kwa sababu wote wana jibu lililoandaliwa. Muulize kinyesi amekitoa wapi, na kimechanganywa na gundi gani. Muulize nani alimfundisha felti, na picha zake za miaka mitano iliyopita zilikuwaje. Anayefanya kazi kwa dhati hung'aa akiulizwa juu ya gundi, na atakuambia yaliyomshinda. Kazi za zamani zikionyesha kwamba alibadilika, kwamba alijaribu kitu akakiacha, basi urithi kwake ni swali analolifanyia kazi. Huenda hata mkazungumza Kijerumani, hasa kama ni mtu wa umri mkubwa, maana Wamongolia kwa maelfu walisoma Ujerumani Mashariki.

Kuhusu bei, kwa kazi moja halisi iliyotiwa sahihi na mchoraji mwenye maonyesho nyuma yake, euro 1,400 si bei ya kunishtua, lakini kwa mbali siwezi kukuambia kama ndiyo thamani yake. Nunua ukiwa na fedha ambayo usipoirudisha hutaumia, na usinunue ukitarajia ipande bei. Dai risiti yenye jina la mchoraji, jina la kazi, mwaka, vipimo na vifaa vyote vilivyotumika. Orodha hiyo ya vifaa ndiyo itakayomsaidia mtu yeyote atakayeitengeneza baadaye. Na kama mtu mwingine atakuletea picha ya kale ya Kibudha kutoka Mongolia kwa bei nzuri, kataa mpaka uone kibali, kwa sababu sheria ya nchi hiyo inazuia vitu vya kale kutoka bila ruhusa.

Sasa Tanga, na hapa sitakuficha. Picha hii imetengenezwa na mtu wa nchi kavu sana, na wewe unataka kuipeleka pwani. Ukungu huanza kupata nguvu unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda mrefu, na Tanga huwa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Sufu inaweza kunyonya maji hadi kama theluthi ya uzito wake bila hata kuonekana imelowa. Gundi inayotokana na ngozi ya mnyama hufura ikipata unyevu na kusinyaa ikikauka, na kila mara inapofanya hivyo inaachia punje za majivu. Kinyesi ni nyuzi za majani, chakula cha ukungu. Nondo wa nguo wanapenda felti kuliko shati lako. Kama gundi iliyotumika ni akriliki, ya aina ya plastiki, hali ni afadhali sana, maana imezifunika nyuzi na haisumbuliwi na unyevu kwa kiasi hicho. Ndiyo sababu nimekutuma uulize gundi.

Njia zilizopo hazilingani. Kuiacha Leipzig kwenye chumba unachoishi, mbali na hita na jua la dirishani, ni salama kuliko zote, na ndivyo ningefanya kwa miaka ya mwanzo. Kuipeleka Tanga inawezekana iwapo imetiwa kwenye fremu yenye kina na kioo kisichogusa picha, mgongo umefunikwa, imetundikwa ukuta wa ndani wenye hewa nyuma yake, na kuna mtu wa kuikagua kila baada ya miezi michache. Feni inayozunguka chumbani inasaidia kuliko kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa unyevu ndiko kunakopasua tabaka. Njia ya tatu ni kumwomba mchoraji akutengenezee au akuchagulie kazi ya rangi na majivu tu juu ya turubai, bila felti, kwa ajili ya pwani. Kama nia yako kweli ni Tanga ndani ya mwaka huu, ningechukua hiyo ya tatu. Kabla ya kusafirisha yoyote yenye sufu au kinyesi, uliza forodha na idara ya mifugo ya Tanzania, maana hayo ni mazao ya mifugo na yanaweza kuhitaji kibali.

Kuna hali ambazo ushauri wa maandishi hautoshi. Ukiona unga unaanguka chini ya picha, tabaka linajikunja kama ganda, vinyuzi vyeupe vya ukungu, harufu mpya ya uvundo, au punje ndogo kama mchanga kwenye felti, usipanguse, usipulize dawa ya wadudu, usiipake vanishi. Ilaze uso juu mahali pakavu, mbali na nguo na mazulia yako, umpelekee mtaalamu wa uhifadhi wa kazi za sanaa. Dresden, karibu na wewe, chuo cha sanaa cha HfBK kinafundisha uhifadhi wa picha, na Makumbusho ya Grassi hapo Leipzig ina mikusanyo ya tamaduni za dunia, yenye sufu, ngozi na nywele. Sehemu zote mbili unaweza kuuliza nani anapokea kazi za watu binafsi. Ni vizuri zaidi ukimtafuta mtu huyo kabla ya kulipa na kumwomba aitazame picha pamoja nawe na mchoraji. Mazungumzo yao juu ya gundi yatakujibu swali la Tanga kwa uhakika kuliko ninavyoweza mimi, na kama mchoraji atakubali kubadilisha gundi kwenye kazi mpya, yaandikwe kwenye risiti.